Turubai la Bluu na Dabi ya Jumamosi

Jumatatu, 13 Aprili

Nimepata wazo! Devota anasema kila nikipata wazo, yeye huumwa kichwa. Sikumjibu. Mtu mwenye mipango hajibizani na mkewe.

Jumamosi ni dabi, Simba na Yanga, saa kumi na moja jioni. Nitaalika watu waje kutazama hapa nyumbani. Kawaida tu. Karanga, kitimoto, ulanzi kidogo kwa wanaokunywa, soda kwa walokole. Hakuna hotuba, hakuna kadi. Watu wanakaa, wanapiga kelele, wanaondoka. Na katikati yao, kama kwa bahati, atakuwemo Gideoni.

Hapo ndipo penyewe. Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo naandika wazi: nataka Gideoni arudi. Miaka ishirini na sita tumetazama mpira kwenye sebule hii, mimi Simba, yeye Yanga. Kiti chake bado kipo pale dirishani. Siku hizi anakilalia paka. Miezi kumi na moja Gideoni hajakanyaga kwangu, na si kwamba kahama mtaa huu wa Kihesa. Karakana yake ya useremala inatazamana na kibanda changu cha kutengeneza redio na TV, kilicho mbele ya nyumba. Barabara tu katikati. Kila asubuhi ananisalimu Kamwene. Nami namjibu Kamwene. Basi, siku imeisha.

Sababu: sikwenda kijijini Idodi kumzika mama yake. Nilituma rambirambi kwa simu na ujumbe mzuri sana. Nilieleza kwamba nina homa ya matumbo.

Devota anasema nivuke barabara, niseme nisamehe, nirudi. Hatua kumi na nne, amezihesabu. Devota ana moyo safi lakini mambo ya mikakati hayajui.

Jumanne, 14 Aprili

Mwaliko wa Gideoni nimeuandika mara saba. Wa kwanza ulikuwa mrefu. Wa pili ulikuwa na mstari wa Biblia. Wa tano ulikuwa na neno samahani, nikaufuta haraka. Uliokwenda ni huu: Jumamosi mpira kwangu, kawaida tu, karibu. Hayo maneno kawaida tu yamenichukua saa nzima.

Niliutuma saa nne, nikajificha nyuma ya TV ya mteja nimwone akisoma. Akaacha randa. Akatoa simu. Akasoma. Akatazama upande wangu! Nikainama kama mtu anayeokota skrubu, nikapiga kichwa kwenye meza. Nilipoinuka alikuwa anapiga randa tena, maranda marefu yanaanguka bila haraka.

Jibu lilikuja saa sita. Asante. Neno moja. Asante gani? Ya kuja au ya kutokuja? Nimempelekea Devota alichambue. Kasema asante ni asante, na kwamba mwenzangu ana adabu kunishinda.

Basi nitamzungushia mtaa. Nikialika kila mtu, yeye asipokuja ataonekana. Mpaka jioni wamekubali ishirini na wanne. Jailos, mwenye banda umiza la kuonyesha mpira, amekuja kulalamika kwamba namchukulia wateja. Nikamwambia mpira wa kweli hutazamwa nyumbani, kiungwana. Akaniangalia, akaniuliza kama ile homa ya matumbo imepona. Yule mtu!

Jumatano, 15 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimepima sebule. Inabeba watu tisa, kumi wakiwa ndugu. Wageni wengine kumi na watano watanyeshewa.

Lakini mimi ni nani? Mimi, Liberatus Kikoti, ni mtunza vifaa wa Chama cha Kufa na Kuzikana cha mtaa huu, mwaka wa sita sasa. Ufunguo wa stoo uko shingoni mwangu. Mle ndani kuna turubai la bluu lenye kiraka cheupe, mabenchi kumi na mawili, na masufuria ambayo ndama anaweza kuogea. Katiba, kifungu cha nane, inasema vifaa vitumike kwa msiba tu. Lakini walioandika katiba hawakufikiria dabi. Na turubai likikaa stoo muda mrefu linaota ukungu. Kulitoa nje ni kulitunza.

TV yangu ni ndogo. Kibandani kuna ya Mzee Obeid, mwenyekiti wa Chama, inchi hamsini na tano. Iko kwangu wiki tatu. Nimemwambia kuna kifaa kinatoka Dar. Ukweli ni kwamba sijaifungua. Nitaigusa kesho, na kuiwasha Jumamosi itakuwa ni kuijaribu tu.

Devota anakwenda Mbeya kesho, kwa dada yake Bertha pale Mwanjelwa. Atarudi Jumamosi mchana. Anakwenda bila simu, kwa sababu simu yake ninaitengeneza. Nayo ni wiki ya tatu.

Leo hakuna mteja. Mvua ikinyesha hivi mtu anafikiri mambo ambayo hakuyapanga. Nitaandika moja, kisha nifunge. Hakukuwa na homa ya matumbo. Mazishi yalikuwa Jumamosi saa nane, Simba walikuwa wanacheza saa kumi, na kutoka Idodi mpaka hapa si mwendo wa kukimbilia mpira. Nikaenda kwenye banda la Jailos. Tulipofunga bao watu wakanibeba juu. Jailos akapiga picha, akaiweka kwenye simu kutangaza biashara yake: mimi hewani, mdomo wazi, mzima kabisa. Gideoni aliiona akiwa bado Idodi.

Na Mama Verediana, mama yake Gideoni, alinilea. Nilipokuwa kijana najifunza ufundi, likizo zote nilikuwa kwake. Paja la kuku alikuwa ananiwekea mimi, Gideoni anapewa shingo, kwa sababu mgeni ni mimi. Hata nikiingia na tonge mdomoni atauliza: Libe amekula?

Najisikia vibaya. Nimeliandika. Tuendelee na mpango.

Alhamisi, 16 Aprili

Devota ameondoka. Kitimoto nimeagiza. TV nimeigusa, inawaka. Paka nimemfukuza kwenye kiti cha Gideoni. Amerudi. Nimemfukuza. Amerudi.

Ijumaa, 17 Aprili

Siku ya mafanikio! Sijawahi kuona mtaa wenye ushirikiano hivi.

Saa nane nimetoa turubai na mabenchi, nikapita nayo barabara kuu kwenye mkokoteni. Wanaume wakavua kofia. Nikawapungia. Jailos, ambaye spika yake hailali, aliizima nilipopita. Amekubali kushindwa, na nimempenda kwa hilo.

Kabla sijafika nyumbani vijana wanne wakaja kusimamisha nguzo bila kuitwa. Mama Rozalia, kiongozi wa akina mama, akaja na wenzake watano. Kuni, sado ya maharage, unga, sukari. Sherehe za kisasa ndivyo zilivyo, kila mtu analeta kitu. Akanishika mkono bila neno. Nikamwambia asijali, ni kawaida tu, watu wajisikie huru. Akaanza kulia. Akasema nina moyo wa ajabu. Kweli kualika watu ishirini na wanne si mchezo, lakini sikudhani mtu angeliona.

Mzee mmoja akauliza kwa sauti ndogo Devota anafika lini. Nikasema kesho saa sita, kwa basi. Akashtuka. Kwa basi? Akasema mtaa ungechanga upate gari. Nikamwambia hakuna haja, mzigo wenyewe si mkubwa. Akafunika uso kwa kofia yake.

Kitu kimoja tu kinanitia simanzi. Gideoni amefunga milango ya karakana tangu saa tisa na msumeno unalia ndani bila kupumzika. Ana oda kubwa, ni wazi. Mtu mwenye oda kama hiyo hatakuja kutazama mpira kwangu.

Jumamosi, 18 Aprili, asubuhi

Mechi ni jioni, watu wamefika saa moja asubuhi! Huo ndio ushabiki. Akina mama wanafagia uwanja wangu. Meko matatu yanawaka. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi na makoti yao, kimya, baridi inawapiga. Katekista yupo, na kitabu chake. Sikujua kwamba naye anapenda mpira.

Nimevaa jezi. Nyekundu, mpya, jina langu mgongoni. Watu wananitazama, kisha wanatazama chini. Nimepitisha karanga. Wamechukua wawili.

Lazima nikiri pamepoa mno. Natafuta namna ya kuwachangamsha. Nikisema niimbe?

Ngoja. Karakana imefunguliwa. Anavuka!

Jumapili, 19 Aprili

Naandika baada ya misa ya kwanza. Nilikaa benchi la mwisho na bado waligeuka kunitazama.

Alikuwa Gideoni kweli. Alivuka na mita mkononi na penseli sikioni, macho mekundu, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Watu wakampisha. Akanikumbatia. Baada ya miezi kumi na moja! Nikasema moyoni, mpango umejibu. Kisha akainamia sikio langu na kuniuliza shemeji alikuwa na urefu gani, maana amekata kwa kukisia na hataki kumbana.

Nikauliza kumbana nani.

Akasema Devota. Akasema asingekubali azikwe kwenye jeneza la kununua. Alikuwa na mbao za mninga alizozikausha miaka minne kwa ajili ya mlango wa nyumba yake, ndizo alizotumia. Hakulala. Amebakiza mfuniko. Alisema pia kwamba alikuwa ameapa kutokanyaga tena kwangu.

"Lakini msiba ni msiba, Libe," akasema. "Mtu haachi kwenda."

Akanishika begani.

Nikatazama juu. Turubai la bluu, kiraka cheupe. Nikatazama mabenchi, yameandikwa ubavuni jina la Chama kwa rangi nyeusi. Nikamtazama Mama Rozalia na kanga yake aliyojifunga kiunoni. Ndipo Ijumaa yote ikaniingia kichwani kwa mara moja. Mtaa huu, turubai lile likipita, hakuna anayeuliza nani amefariki. Kumuuliza mfiwa ni kukosa adabu. Unabeba kuni zako, unakwenda, utasikia ukishakaa. Sheria hiyo niliisoma mwenyewe mkutanoni, mimi mtunza vifaa, na nilipigiwa makofi. Devota hawamwoni siku mbili, simu yake haipatikani, na mumewe anasema atafika kwa basi na mzigo si mkubwa.

Mtu muungwana angesema palepale: jamani, hakuna msiba. Lakini mkono wa Gideoni ulikuwa bado begani kwangu, na nilijua nikisema tu utaondoka. Nikataka ukae kidogo. Yeye akasubiri, penseli tayari.

Nikasema futi tano na inchi tatu.

Mungu anisamehe! Sijui kwa nini. Aliuliza kwa upole mno. Akaandika kiganjani, akarudi kwenye mfuniko wake.

Nikapanga kuwaambia watu taratibu, mmoja mmoja, nikianzia na wale wa nyuma. Nilitafuta maneno mpaka saa sita na robo. Saa sita na robo Devota akaingia getini, mchele wa Kyela kichwani na mfuko wa maparachichi mkononi, akauliza nani amefariki.

Siwezi kuandika zile kelele. Mabenchi mawili yalianguka na watu wake. Katekista alifanya ishara ya msalaba, akasahau upande wa kuanzia. Mama Rozalia alipita kwenye uzio wangu, si getini, kwenye uzio, na tuta la mchicha halipo tena. Gideoni, aliyekuwa analeta mfuniko kuupima, alikaa chini katikati ya barabara na kuukumbatia.

Devota hakuhitaji maelezo. Alitazama turubai, akatazama jezi, akanitazama mimi.

"Libe," akasema. "Nimekufa?"

Nikasema kidogo.

Ikafuata zamu ya Mzee Obeid. Alisimama kama mwenyekiti, akasoma kifungu cha nane kwa sauti. Alipofika kwenye maneno msiba tu, jicho lake likapita dirishani. Akaingia sebuleni. Kisha akauliza kama hicho ndicho kifaa kinachotoka Dar. Alitoka, akanivua ufunguo shingoni mbele ya watu wote na kumpa Gideoni, akisema utunzwe na mtu anayejua msiba ni nini. Mzee yule hakujua amenipiga wapi.

Nilidhani wataondoka. Devota ndiye aliyewazuia. Alisema maharage yameshaiva na yeye ana njaa, na si kila mtu hupata bahati ya kula chakula cha matanga yake. Mama Rozalia akarudi, kupitia getini safari hii, akamshikashika mashavu. Watu wakala. Kitimoto kilikwisha kwanza. Walicheka, walinitukana kidogo, wakala tena. Saa kumi mvua ikashuka na hakuna aliyetoka chini ya turubai. Kwa hiyo nilikuwa sahihi kuhusu turubai.

Tukaweka TV mlangoni, tukaiwasha. Picha ikaja kubwa, safi. Ila rangi nyekundu ilikuwa imekufa. Wachezaji wote kijani! Simba kijani, Yanga kijani, na waamuzi pia. Watu wakawa hawajui washangilie nani. Kila akifunga mtu, nusu wanaruka, wanakaa, wanaruka nusu nyingine. Gideoni alikuwa kwenye kiti chake dirishani, paka mapajani, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Akasema hatimaye nchi nzima ni Yanga. Matokeo siyajui mpaka sasa. Nilikuwa nasikiliza kicheko kile tu.

Mapumziko Devota akanifinya. Akasema sasa, sema. Nikamgeukia Gideoni. Nikafungua mdomo. Neno lilikuwepo, nililisikia kooni kabisa.

Nikasema kaka, karanga?

Akachukua. Akatafuna. Halafu, akiwa anatazama tangazo la sabuni, akasema mama yake aliniulizia siku ile ya mwisho. Alikuwa hawatambui watu vizuri tena. Alimfumbulia macho Gideoni akamuuliza: Libe amekula?

Nililia. Ndani ya jezi, mbele ya mtaa mzima, na safari hii hakuna aliyefikiri nimefiwa. Gideoni aliniacha nilie. Kisha akasema tarehe mbili Mei mwaka unatimia, wanaweka msalaba wa saruji kule Idodi. Anataka nisimame pale kaburini niseme maneno kidogo, kama mtoto wa nyumbani. Akasema safari hii uje, Libe.

Nikaapa. Kwa mama yangu na kwa mama yake. Sijawahi kuapa kwa dhati hivyo maishani mwangu.

Jumanne, 21 Aprili

Jeneza Devota amelichukua, anahifadhia mahindi. Anasema ni sanduku zuri kuliko lolote nililowahi kumletea, na kwamba alijilaza ndani akaona urefu sawasawa. Gideoni amefurahi. Asubuhi alivuka barabara, akanywa chai kwangu. Hatua kumi na nne, mimi sikuhitaji hata moja. Ukitazama kwa utulivu, mpango wangu ulifaulu. Devota nilipomwambia hivyo aliondoka chumbani.

Hotuba ya kaburini nimeianza. Ni nzuri mno. Nimesimulia paja la kuku, nimesimulia likizo zile, nimekiri habari ya homa ya matumbo, na neno nisamehe lipo, nimeliandika kwa wino, mwishoni kabisa ili liwaingie watu vizuri. Nimejisomea mbele ya paka, nikashindwa kumaliza kwa machozi. Inachukua dakika arobaini.

Saa saba Jailos akapita kibandani. Akaniuliza kwa upole kama nimeona ratiba. Nusu fainali. Simba. Tarehe mbili Mei, saa kumi kamili.

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa. Kuapa nimeapa, na Idodi nitakwenda. Hilo halina mjadala! Ibada ni saa nane, msalaba unawekwa saa tisa, hotuba yangu inafuata. Nimetafuta redio ndogo yenye waya wa sikioni, inaingia mfukoni mwa koti, na kofia itafunika sikio. Hakuna wa kupiga picha kule. Nikisimama mapema na kusoma haraka, nitakuwa nimekaa kabla ya filimbi ya kwanza, na Gideoni atakuwa na rafiki yake pale pale alipomtaka.

Tatizo ni zile dakika arobaini. Nitaianza ilivyo. Muda ukinibana, nitakata za mwisho.